Marehemu hakuwa na kigugumizi: jinsi ya kuponya video inayokwama kwenye kisanduku cha nyumbani

Ijumaa moja baada ya laasiri nilimkalisha mamangu mbele ya televisheni chumbani mwake ghorofani, nikamwambia leo nina zawadi. Ilikuwa kanda ya harusi ya dadangu ya mwaka 1996. Ilikuwa imekaa kabatini miaka na miaka kwa kukosa mashine ya kuichezea, nami nilikuwa nimeipeleka kwa fundi akaigeuza kuwa faili ya kompyuta. Ilipofika pale marehemu babangu anaposimama kumpa nasaha bwana harusi, picha ikaanza kusita. Neno moja, kimya. Nusu ya neno, kimya. Mkono uko juu, umeganda hapo hapo. Mamangu alitazama kwa muda, kisha akanigeukia akasema, "Mwanangu, babako hakuwa na kigugumizi."

Hakusema kwa mzaha. Babangu alikuwa msemaji, mtu wa kuitwa kusuluhisha magomvi ya mtaa kwa sababu maneno yake yalitoka yamenyooka. Hiyo ndiyo kanda pekee tuliyo nayo ambayo sauti yake inasikika. Nikamzimia mama televisheni, nikamwahidi Ijumaa ijayo babake watoto atazungumza sawasawa. Ilinichukua Ijumaa nne.

Naandika haya kwa sababu tangu nisimulie kisa hiki barazani, watu kadhaa wameniambia nao wana tatizo hilo hilo: video ya arusi, ya safari ya Hija, ya mkutano wa ukoo, iko kwenye diski nyumbani, kisanduku kipo, televisheni ni nzuri, lakini picha inakwama kila baada ya muda. Wengi wao wamekwisha kununua kisanduku kipya na tatizo likawafuata. Mimi nina diploma ya umeme, si ya kompyuta, kwa hivyo nitaeleza kwa njia niliyoielewa mimi.

Kwanza, vyombo vyenyewe. Chini, karibu na mlango, ipo ruta ya intaneti, na nyuma yake nimechomeka diski yenye video zetu zote. Juu, chumbani kwa mama, kipo kikompyuta kidogo kiitwacho Raspberry Pi 3, ukubwa wake kama kadi ya benki, kimeunganishwa na televisheni. Ndani yake kinaendesha programu ya Kodi. Kodi ni programu ya bure ya kuchezea video, muziki na picha. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye mashine za michezo za Xbox, ikajulikana kwa jina la XBMC hadi ilipobadilishwa jina mwaka 2014. Haina kitu ndani yake. Unacheza ulicho nacho. Wale wanaokuuzia kisanduku "chenye kila filamu na kila mechi" wamekijaza vitu vya kuiba wao wenyewe, na hayo si ya Kodi wala si ya makala hii.

Kati ya ruta ya chini na kisanduku cha juu hakuna waya. Kuna waifai, na kuna kuta za nyumba ya mawe ya Mji wa Kale. Anayezijua nyumba zetu anajua unene wa ukuta wa matumbawe na chokaa. Zilijengwa kuzuia joto, na mawimbi ya waifai nayo yanazuilika vilevile.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kifedha. Niliipigia simu kampuni ya intaneti nikaomba kifurushi cha kasi zaidi, nikaongezewa shilingi elfu moja kwa mwezi. Picha ikaendelea kusita vilevile. Siku ya tatu ndipo akili ikanijia: video hii haitoki kwenye intaneti! Inatoka kwenye diski iliyo chini ya ngazi, inapanda ghorofani, basi. Hata intaneti ikikatwa mtaa mzima, ingecheza. Kasi ya intaneti na kasi ya mtandao wa ndani ya nyumba ni vitu viwili mbalimbali, na kampuni haiwezi kukuuzia cha pili kwa simu.

Sasa tuje kwenye bafa yenyewe, neno ambalo mafundi hulitaja sana bila kulifafanua. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji mfano wa mbali. Maji ya mfereji huja yanapotaka: leo yanatiririka kwa nguvu, kesho ni matone, keshokutwa hakuna. Hata hivyo ndani ya nyumba watu wanatia udhu, wanapika, wanafua, bila kujua mfereji umekauka saa ngapi. Ni kwa sababu juu ya dari lipo tangi. Mfereji unajaza tangi, na nyumba inatumia kutoka kwenye tangi. Bafa ni tangi hilo. Kisanduku hakichezi video moja kwa moja kama inavyofika kutoka kwenye diski. Kinaiweka kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, ile wanayoiita ramu, na televisheni inachota kutoka humo. Waifai ikitetereka kwa sekunde mbili au tatu, mtazamaji hajui, kwa kuwa tangini bado mna kitu. Tangi likikauka ndipo picha inaganda.

Katika mfano huu mna mambo matatu ya kuulizwa, na kila moja lina mpangilio wake ndani ya Kodi: tangi lina ukubwa gani, linajazwa kwa kasi gani, na je, mfereji huu umeunganishwa na tangi au unaingia jikoni moja kwa moja? Hilo la tatu ndilo lililonitesa, na ndilo watu wanalolisahau.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, pima mfereji. Hapa sharti nieleze jambo moja la hesabu linalowachanganya wengi. Kampuni za intaneti huhesabu kasi kwa megabiti, na kompyuta huhesabu ukubwa wa faili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo kasi ya megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 tu kwa sekunde. Ukichanganya hizi mbili, hesabu yote itakuangukia.

Fundi aliyenigeuzia kanda alizihifadhi kwa mtindo wa DV, ambao ni mtindo mzuri kwa kumbukumbu kwani haubani picha sana. Lakini ni mzito: saa moja ya DV ni takriban gigabaiti 13. Gawa kwa sekunde 3,600 utapata megabaiti 3.6 kila sekunde, yaani kama megabiti 29. Kanda ya harusi ni ya saa tatu. Faili yake ikawa karibu gigabaiti 39. Linganisha na filamu ya kawaida unayoitazama kwenye simu, ambayo mara nyingi hutumia megabiti chache tu kwa sekunde. Ndiyo maana filamu zilicheza vizuri chumbani kwa mama na harusi ikakataa. Nilikuwa nimedanganyika kwamba kama filamu inacheza, basi mtandao ni mzima.

Kisha nikachukua laptopu nikaketi pale pale kilipo kisanduku, nikanakili faili ya gigabaiti moja kutoka kwenye diski ya chini, mkononi nikiwa na saa. Dakika nne. Megabaiti 1,000 kwa sekunde 240 ni kama megabaiti 4.2 kwa sekunde. Video inahitaji 3.6. Kwa hivyo kwa wastani mfereji ulikuwa unatosha, ila kwa ziada ndogo mno, ya 0.6 tu. Mtu akifunga mlango, jirani akiwasha maikrowevu, vijana wa nyumba ya pili wakianza kutazama mechi kwenye waifai yao iliyo katika chaneli moja na yetu, kasi inashuka chini ya 3.6 kwa sekunde kadhaa, na babangu anapata kigugumizi.

Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu kinakuambia kama bafa itakufaa au hapana. Kama wastani wa mfereji unazidi matumizi, tangi kubwa litaponya. Kama wastani uko chini ya matumizi, tangi kubwa litachelewesha ugonjwa tu. Chukua mfano mfereji ungekuwa unaleta megabaiti 3.0 na video inataka 3.6. Kila sekunde unakosa 0.6. Tangi la megabaiti 20 likiwa limejaa litadumu kama nusu dakika. La megabaiti 100 litadumu chini kidogo ya dakika tatu. Baada ya hapo ni kigugumizi kile kile. Basi hata bila ya laptopu na saa, tazama tabia ya kukwama kwenyewe. Video ikisita ovyo, mara sasa, mara baada ya dakika kumi, mara sekunde mbili tu, huo ni mfereji unaotetereka, na bafa ni dawa yake. Ikianza vizuri kila mara halafu ikafika mahali ikaanza kukwama na isiache, mfereji wako ni mwembamba, usijisumbue na tangi.

Liko na la tatu ambalo si la mtandao kabisa. Wakati mwingine data inafika yote lakini prosesa ya kisanduku haiwezi kuifungua kwa wakati. Video mpya zilizobanwa kwa HEVC, hasa zile za 4K, humshinda mkongwe kama Pi 3. Dalili yake: sauti inaendelea vizuri na picha ndiyo inayorukaruka, au picha inachechemea mfululizo bila kuganda kabisa. Njia ya kuhakikisha ni kunakili faili hiyo kwenye flashi na kuichomeka kwenye kisanduku chenyewe. Ikikwama hata hapo, tatizo ni kisanduku. Yangu ilicheza kwenye flashi kama maji, kwa hivyo nikajua wa kulaumiwa yuko njiani.

Nikaingia kwenye mipangilio. Katika toleo nililokuwa nalo, ambalo ni la zamani, mambo ya bafa hayakuwa kwenye menyu. Ilikuwa lazima uandike faili ndogo ya maneno, uiite advancedsettings.xml, uiweke katika folda ya userdata. Ukitumia LibreELEC kama mimi, folda hiyo utaiona ukiwa kwenye kompyuta nyingine yoyote ya mtandao huo huo, kwa jina la Userdata. Kwenye visanduku vya Android imejificha ndani ya Android/data/org.xbmc.kodi/files/.kodi/userdata, na kwa kuwa jina la .kodi linaanza na nukta, sharti kwanza uiambie programu yako ya mafaili ionyeshe vilivyofichwa.

Bila ya faili hiyo, tangi la Kodi lilikuwa baiti 20,971,520, yaani megabaiti 20. Kwa video ya harusi, hiyo ni akiba ya sekunde tano na kitu. Kwa filamu nyepesi ni nusu dakika au zaidi, na ndiyo maana watengenezaji waliona inatosha.

Nami nikafanya kile anachofanya kila mtu siku ya kwanza. Nikaandika megabaiti 500. Nikawasha harusi, ikacheza kwa muda, kisha Kodi ikajifunga yenyewe na kurudi mwanzo. Nikajaribu tena, ikajifunga tena. Pi 3 ina gigabaiti moja tu ya ramu, na humo mfumo wenyewe unaishi, picha zinachorwa, kila kitu kinabanana. Zaidi ya hayo, maelekezo ya Kodi kwa matoleo hayo yanaonya kwamba tangi unaloomba hutumia ramu mara tatu ya ukubwa wake. Megabaiti 500 zikawa 1,500 katika nyumba ya 1,000. Ni kama kupandisha tangi la lita elfu kumi juu ya dari la boriti. Kanuni iliyo salama: angalia ramu iliyo huru kwenye kisanduku chako, gawa kwa tatu, usivuke hapo. Kodi inakuonyesha hesabu hiyo kwenye ukurasa wake wa habari za mfumo.

Nikateremka hadi 104,857,600, yaani mara tano ya ile ya mwanzo. Kodi ikatulia. Lakini harusi ikaendelea kusita vilevile, hata kidogo haikubadilika. Nikabadilisha namba tena, juu, chini. Hakuna. Ijumaa ya pili ikapita hivyo.

Jambo lililonifungua macho ni ule mstari wa chini ya skrini unaoonyesha video imefika wapi. Bafa ikifanya kazi, mbele ya alama ya ulipofika huonekana kivuli chepesi kikisonga mbele: hicho ndicho kilichokwisha kuingia tangini. Simamisha video kwa rimoti, utakiona kinaenda mbele peke yake. Changu hakikuwepo. Tangi lilikuwa kubwa na lilikuwa tupu, kwa sababu mfereji haukuunganishwa nalo.

Ndani ya faili ile kuna neno buffermode. Linaamua ni vyanzo vipi vipitie tangini. Ikiwa 0, ni vile vya intaneti tu. Ikiwa 1, ni vyote, hata diski iliyochomekwa hapo hapo. Ikiwa 3, hakuna hata kimoja. Na 4 ni vyote vya mtandao, pamoja na diski zinazoshirikiwa nyumbani kwa njia ya SMB au NFS. Langu lilikuwa 0. Diski ya chini ya ngazi inafika kwa SMB, na kwa Kodi ya zamani hiyo si intaneti, kwa hivyo video ilikuwa ikiingia jikoni moja kwa moja bila kupanda darini. Siku zote hizo nilikuwa napanua tangi lisilotumika.

Faili iliyoniponya ni hii:

<advancedsettings>
<cache>
<buffermode>1</buffermode>
<memorysize>104857600</memorysize>
<readfactor>4</readfactor>
</cache>
</advancedsettings>

Mitego yake ni midogo ila inaumiza. Ukiiandika kwenye Windows, huenda ikajihifadhi kwa jina la advancedsettings.xml.txt na ile txt usiione. Kodi haitaisoma na haitakuambia. Ukisahau alama moja ya kufungia, vilevile. Ukishaihifadhi, zima Kodi na uiwashe upya, maana huisoma wakati wa kuamka tu. Na ukikuta maelekezo yanayotaja cachemembuffersize ndani ya network, hayo ni ya kabla ya toleo la 17, yaache.

Mwenye toleo la 21, lililotoka 2024, ameepushwa na yote haya. Huko mambo ya bafa yamehamishiwa kwenye menyu: nenda Settings, kisha Services, kisha Caching. Usipoiona, bonyeza alama ya gurudumu iliyo chini kushoto hadi isome Expert. Utachagua kwa rimoti tu, bila kuandika herufi.

Bado sijasema kuhusu readfactor, kasi ya kujaza. Watu huiandika 20, 30, wakidhani wanauongezea mtandao kasi. Haiongezi chochote. Inachofanya ni kumwekea Kodi kikomo: jaza tangi kwa kasi isiyozidi mara kadhaa ya wastani wa video. Ikiwa 4, na video yangu ni 3.6, kikomo ni megabaiti 14.4 kwa sekunde, na mfereji wangu haufiki hata theluthi ya hapo. Kwa hivyo kwangu haikuwa na la kufanya, nikaiacha. Inafaa kuinua kidogo kwa filamu zilizobanwa ambazo huwa nyepesi katika mazungumzo na nzito ghafla katika mapigano, kwa kuwa wastani wake unadanganya. Ukiinua mno, kisanduku kitakula waifai yote kwa vishindo, na watoto watakuja kukulalamikia chumba cha pili.

Kitu kimoja zaidi ambacho hesabu inakifunua. Ziada yangu ni 0.6 kwa sekunde. Tangi la megabaiti 100 likijazwa huku video inacheza litachukua kama dakika tatu kujaa, na katika dakika hizo tatu bado uko hatarini. Lakini ukisimamisha video mara tu inapoanza, mfereji wote, 4.2, unaingia tangini, na linajaa kwa kama sekunde 25. Kwa hivyo nimemfundisha mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye rimoti nikiwa kazini: bonyeza cheza, bonyeza simama, mletee bibi chai, ndipo uendelee.

Ijumaa ya nne babangu alisema nasaha yake yote. Dakika sita na kitu, bila kusita. Mamangu alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Pale anapomwambia bwana harusi jambo moja kuhusu hasira, ambalo ni la nyumbani na sitaliandika, akaniambia, "Rudisha kidogo." Nikarudisha. "Rudisha tena." Nikarudisha mara nne, na kila mara picha ilirudi papo hapo bila kusubiri, kwani Kodi haiitumii akiba yote kwa mbele, sehemu yake inaiacha kwa kilichokwisha kupita. Hilo nililijua baadaye kwa kusoma. Wakati ule nilibonyeza tu.

Mwezi mmoja baadaye nilifanya nililopaswa kulifanya mwanzo: nikanunua waya wa mtandao wa mita ishirini. Sikutoboa ukuta, na sikushauri mtu atoboe ukuta wa nyumba ya zamani kwa sababu ya televisheni. Niliupitisha dirishani, ukapanda kandokando ya ngazi ya uani, ukaingia kwa mama. Mlango wa waya wa Pi 3 ni wa megabiti 100, yaani kama megabaiti 11 kwa sekunde kwa vitendo, mara tatu ya mahitaji ya harusi. Tangu hapo kivuli kile cha mbele hujaa kabla sijaweka rimoti chini. Mwenye nafasi ya kupitisha waya, apitishe kwanza, kisha ndipo aulize habari za bafa. Kwa nyumba za kupanga ambapo mwenye nyumba hataki hata msumari, bafa ndiyo njia iliyobaki.

Njia nyingine ni kuipunguza video yenyewe. Programu ya bure iitwayo HandBrake inaweza kuibana ile harusi kwa mtindo wa H.264 hadi megabiti tano hivi kwa sekunde, na gigabaiti 39 zikawa chini ya saba. Nimefanya hivyo kwa nakala za kuwatumia ndugu walioko Muscat. Lakini faili ya asili sijaifuta na sitaifuta. Kubana ni kutupa, na kilichotupwa hakirudi.

Kwa wasiotumia Kodi: VLC nayo ina tangi lake, ila wao hulihesabu kwa muda, si kwa ukubwa. Kwenye kompyuta ingia Tools, Preferences, kisha Input/Codecs, utafute Network caching. Namba ni milisekunde. 1000 ni sekunde moja. Iweke 3000 au 5000. Kwenye simu ya Android imo katika mipangilio ya ndani zaidi, sehemu ya Advanced. Ukiipandisha mno, kila ukirusha mbele utasubiri.

Matangazo ya moja kwa moja ni kesi nyingine. Ndoa ya Muscat inayorushwa sasa hivi haiwezi kuhifadhiwa dakika tatu za mbele, kwa sababu dakika hizo bado hazijatokea. Bafa hapo inaweza tu kukuchelewesha nyuma ya wenzako kwa sekunde kadhaa. Na programu nyingi za kutazama mtandaoni hupokea video vipande vipande, zina akiba yake zenyewe na hujishushia ubora kasi inapopungua. Faili ya advancedsettings hazijali. Hapo ndipo kifurushi cha intaneti kina maana, nami kile cha shilingi elfu moja zaidi nimekirudisha kilipokuwa.

Kabatini zimebaki kanda tano. Mbili zimeota ukungu mweupe kwa unyevu wetu wa pwani, na fundi ameniambia nisizitie kwenye mashine yoyote kabla hajazifungua na kuzisafisha, maana kanda yenye ukungu huichafua mashine na mashine huikata kanda. Moja kati ya hizo mbili imeandikwa, kwa mkono wa babangu, "Lamu, Maulidi". Nitaipeleka wiki ijayo, inshallah.